Jibu la mtaalamu: “Na wengine wengi” wa Luka sura ya 8 walikuwa nani?

“Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama wa watoto watatu na ni mwanajumuiya katika parokia yetu. Mwezi uliopita mwenyekiti wetu alikuwa safarini, nikajitolea kuongoza tafakari ya Injili. Mzee mmoja akaniambia, kwa upole lakini mbele ya watu wote, kwamba Yesu alikuwa na wanafunzi kumi na wawili, wote wanaume, na kwamba kazi ya akina mama iliyoandikwa ni kuhudumu. Nikanyamaza, nikaenda jikoni kumimina chai. Tangu siku hiyo binti yangu wa darasa la sita, ambaye alikuwepo, haishi kuniuliza: ‘Mama, kwani Yesu hakuwa na wanafunzi wasichana?’ Nikiitazama picha ya Karamu ya Mwisho pale sebuleni, kweli ni wanaume watupu. Nilifikiria kumtajia Maria Magdalena, lakini nimesikia tangu utoto kwamba alikuwa kahaba, nikasita. Nimjibu nini mtoto? Na je, kuhudumu kwetu ndiko kuwa wafuasi wa daraja la pili?”

Milele amina, dada yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonikaa moyoni ni ile chai. Uliingia kwenye mazungumzo ya Neno la Mungu ukatoka umeshika birika. Binti yako ana jibu fupi, na usimcheleweshee, mpe leo jioni: Yesu alikuwa na wanafunzi wanawake, walikuwa wengi, na baadhi yao tunawajua kwa majina. Wewe nakupa jibu refu, kwa sababu utahitaji kulisimamia mbele ya watu.

Nianze na yule mzee, maana hakusema uongo. Wale Kumi na Wawili walikuwa wanaume, na orodha zao zipo. Alipokosea ni kudhani kwamba Kumi na Wawili na wanafunzi ni kundi lile lile. Luka 6:13 inasema Yesu “aliwaita wanafunzi wake, akachagua kumi na wawili miongoni mwao”. Miongoni mwao, dada. Ukichagua kumi na wawili miongoni mwa watu, maana yake watu ni zaidi ya kumi na wawili. Sura ya 10 tunakuta sabini wanatumwa, na Matendo 1:15 inataja mkutano wa watu wapata mia na ishirini. Hao Kumi na Wawili walikuwa ishara: makabila ya Israeli yalikuwa kumi na mawili, na katika Mathayo 19:28 Yesu anawaambia wazi kwamba watakaa katika viti kumi na viwili. Ile ilikuwa hesabu ya makabila. Wafuasi hawakuhesabiwa hivyo.

Sasa fungua Luka 8:1-3, uisome polepole. Yesu anazunguka miji na vijiji akihubiri. Walio pamoja naye ni Thenashara, yaani wale Kumi na Wawili, “na wanawake kadha wa kadha” waliokuwa wameponywa. Wanatajwa watatu: Maria Magdalena (Biblia nyingi humwandika Mariamu Magdalene), Yoana mkewe Kuza wakili wa Herode, na Susana. Kisha yanafuata maneno matatu ambayo ningependa uyapigie mstari kwa penseli: “na wengine wengi”.

Wengine wengi nani? Ukisikia kwa Kiswahili huwezi kujua. Lugha yetu haitenganishi. “Wengine” wanaweza kuwa wazee wa kiume, vijana, akina mama, mchanganyiko wowote. Lakini Luka aliandika Kigiriki, na Kigiriki hutia alama ya kike au ya kiume mwishoni mwa neno. Neno alilolitumia pale ni *heterai*, na mwisho ule ni wa wanawake peke yao. Kwa maana nyingine, Luka aliandika “na wanawake wengine wengi”. Sisi tumelisoma fungu hilo miaka na miaka, na wanawake hao wamekaa mbele ya macho yetu bila kuonekana. Hakuna mtafsiri aliyewaficha kwa makusudi. Kiswahili kimefanya kazi yake ya kawaida, na katika kuifanya kikawafunika.

Huwa nalifundisha fungu hili kwa kumwomba mtu alisome kwa sauti, halafu nawauliza wengine wanaona watu gani barabarani. Karibu kila mara jibu huwa: wanaume wengi, na akina mama watatu nyuma wamebeba vyakula. Tukishalirekebisha lile neno moja, darasa hunyamaza kidogo. Barabara imebadilika watu.

Mambo huenda kinyume kwenye neno “wanafunzi”. Hapo Kigiriki ndicho kinachoficha. Katika lugha hiyo, kundi lenye wanawake tisini na tisa na mwanamume mmoja linaandikwa kwa umbo la kiume. Kwa hiyo neno la Kigiriki la “wanafunzi” linasomeka kama wanaume, hata pale ambapo wanawake wamo. Kiswahili hapa kinatusaidia, kwa kuwa “mwanafunzi” kwetu ni mtu yeyote anayefundishwa. Lakini usinielewe kwamba nakuomba ukisie. Injili zenyewe zinatuonyesha kwamba wanawake wamo ndani ya neno hilo.

Chukua Mathayo 12:49-50. Mama yake na ndugu zake wamesimama nje wakimtafuta. Yesu ananyosha mkono kuwaelekea wanafunzi wake, kisha anasema kwamba yeyote afanyaye mapenzi ya Baba, “huyu ndiye ndugu yangu, na umbu langu, na mama yangu”. Umbu ni neno la zamani la pwani ambalo vijana wengi hawalijui tena: dada kwa kaka yake, au kaka kwa dada yake. Yesu ni mwanamume, basi umbu lake ni mwanamke. Sasa fikiria mkono ule umenyoshwa kuelekea wanafunzi, na mdomo unasema “umbu langu, na mama yangu”. Ingekuwa ajabu kusema hivyo ukielekeza mkono kwa wanaume watupu.

Ushahidi wa pili ndio ninaoupenda zaidi, nao uko Luka 24. Wanawake wamefika kaburini na manukato, wamekuta jiwe limeondolewa. Wale watu wawili wenye mavazi ya kumetameta wanawaambia wakumbuke alivyosema nao alipokuwa bado Galilaya, kwamba Mwana wa Adamu atasulubiwa na siku ya tatu kufufuka. Aya ya 8 inasema: “Wakayakumbuka maneno yake.” Huwezi kukumbuka usichowahi kuambiwa. Rudi nyuma sasa, sura ya 9, uone maneno hayo Yesu aliyasema kwa nani huko Galilaya. Luka anasema: kwa wanafunzi wake. Akina Maria na Yoana walikuwa wameketi humo wakati yanasemwa, ila Luka wakati ule hakuona haja ya kuwataja mbali na wenzao. Alikuwa amekwisha kuwatambulisha sura moja kabla.

Na ukitaka neno lenyewe kwa umbo la kike, lipo, Matendo 9:36, Tabitha wa Yafa, yule mshonaji wa nguo za wajane. Anaitwa mwanafunzi, na katika Kigiriki ni “mwanafunzi wa kike”.

Sasa tuje kwenye kuhudumu, kwa sababu hapo ndipo ulipochomwa.

Luka anasema wanawake hawa walihudumu “kwa mali zao”. Hapa hazungumzii sufuria. Kuwalisha na kuwalaza watu zaidi ya kumi na wawili walioacha nyavu na kazi zao, kijiji hadi kijiji, kunataka fedha. Mtazame Yoana kwa karibu. Mumewe ni wakili wa Herode, na tusidhani ni wakili wa mahakamani. Uwakili katika Kiswahili cha zamani ni usimamizi wa mali ya mwingine. Kuza alisimamia mali ya Herode Antipa, mtawala wa Galilaya aliyejenga mji wa Tiberia kando ya ziwa, na ndiye aliyemkata kichwa Yohana Mbatizaji. Mwanamke wa nyumba ya namna hiyo anatoka, anaambatana na mhubiri ambaye Herode huyo huyo alikuwa akimtilia shaka, na anamgharimia. Riziki ya nyumba yake ilitoka mkononi mwa mtu aliyeweza kumuua mhubiri wake. Halafu Luka 24:10 inamtaja tena Yoana, asubuhi ya ufufuko. Alitoka Galilaya hadi kaburini bila kugeuka.

Hilo ni upande wa mali. Upande wa neno lenyewe una uzito zaidi. Marko 15:41 inasema juu ya wanawake waliosimama wakitazama msalaba kwamba hao ndio waliomfuata alipokuwa Galilaya na kumtumikia. Kufuata ndilo neno Marko analolitumia kwa akina Simoni walipoacha nyavu pale ufukoni. Na kutumikia, kwa Kigiriki *diakonein*, ndilo neno alilolitumia kueleza kazi yake mwenyewe katika Marko 10:45: Mwana wa Adamu hakuja kutumikiwa, bali kutumika. Yakobo na Yohana walipoomba viti vya kulia na kushoto, hilo ndilo somo walilopewa, nalo lilikuwa halijawaingia. Waliolielewa ni wale wanawake. Basi mzee akisema kazi iliyoandikwa ya akina mama ni kuhudumu, kubali, kisha mwulize aliyeitangaza kazi hiyo kuwa yake ni nani.

Utaniuliza: kama wapo hivyo, mbona hatuwaoni? Sababu ni kadhaa, na si zote za zamani.

Marko mwenyewe anachelewa. Soma Injili yake kuanzia mwanzo: utakutana na mwanamke mmoja mmoja, mkwe wa Simoni, yule mwenye kutoka damu, yule Msirofoinike, yule aliyevunja chupa ya manukato ya nardo ya dinari zaidi ya mia tatu, karibu mshahara wa kibarua wa mwaka mzima. Kundi hulioni. Wanaume wamekwisha kukimbia, Petro amekwisha kukana, Yesu amekwisha kukata roho, ndipo Marko anakwambia kwamba kulikuwa na wanawake, na wengine wengi waliopanda pamoja naye mpaka Yerusalemu, na walikuwapo tangu Galilaya. Msomaji anatakiwa arudi mwanzo asome upya. Wengi hatukurudi.

Kisha kuna masomo yetu ya Misa. Injili ya Dominika ya Pasaka ni Yohana 20:1-9. Maria Magdalena anakimbia kuwaita Petro na yule mwanafunzi mwingine, wanaume wawili wanashindana mbio, wanaingia kaburini, na somo linaishia hapo. Aya ya 11, ambapo Maria amebaki peke yake analia, na Bwana anamtokea na kumtuma, inasomwa Jumanne ya Oktava ya Pasaka, yaani ndani ya siku nane za kuanzia Pasaka, siku ambayo wengi wetu tumerudi kazini na sokoni. Vivyo hivyo Luka 8:1-3 huja Dominika ya 11 ya Mwaka C, mmoja wa miaka mitatu ya mzunguko wa masomo yetu, ikiwa mkia wa somo refu. Ipo na namna fupi inayoruhusiwa, na hiyo fupi inakata mkia huo wenyewe. Mkristo anayesali kila Dominika maisha yake yote anaweza asimsikie Yoana hata mara moja. Hilo linanihuzunisha, nalisema wazi.

Na picha ya sebuleni kwako? Mchoraji alifuata Marko 14:17, inayosema Yesu alifika pamoja na Thenashara. Hakuna Injili inayosema wengine walifukuzwa mlangoni. Usiibandue ukutani. Mwambie tu binti yako kwamba picha ni macho ya mchoraji.

Nimemweka Maria Magdalena peke yake kwa sababu amedhulumiwa peke yake. Hakuna aya hata moja inayosema alikuwa kahaba. Lilitokea hivi. Luka 7 ina mwanamke mwenye dhambi asiyetajwa jina, anayelia miguuni pa Yesu na kumpaka marhamu. Ukurasa huo huo ukiendelea, sura ya 8 inamtaja Magdalena kwa mara ya kwanza. Kisha katika Yohana 12 yuko Maria wa Bethania, naye anampaka Yesu marhamu miguuni. Ongeza kwamba jina lenyewe lilikuwa la kila nyumba: Maria na Salome ndiyo majina yaliyoenea zaidi miongoni mwa wanawake wa Kiyahudi wa Palestina ya wakati huo ambao majina yao yametufikia. Mwaka 591 Papa Gregori Mkuu, akihubiri Roma, aliwaunganisha hao watatu wakawa mtu mmoja, na wale pepo saba ambao Luka 8:2 inasema walimtoka Magdalena akawafafanua kuwa ni dhambi. Alikusudia kuwapa wakosefu tumaini la toba. Lakini matokeo yake mwanamke mmoja alibebeshwa aibu isiyo yake kwa karibu miaka elfu moja na mia nne. Makanisa ya Mashariki kwa kawaida hayakuwaunganisha. Kwetu, marekebisho ya liturujia ya mwaka 1969 yaliwatenganisha, na mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha siku yake, tarehe 22 Julai, kutoka kumbukumbu hadi sikukuu, kiwango cha sikukuu za mitume. Kanisa linamwita mtume wa mitume, jina ambalo hata Mtakatifu Thoma wa Akwino alilitumia.

Pepo saba, katika lugha ya Luka, ni mateso makali. Yeye mwenyewe anaweka pepo na magonjwa pamoja na kusema wanawake hao waliponywa. Na “Magdalena” ni mtu wa Magdala, mji wa wavuvi upande wa magharibi wa ziwa la Galilaya, ambako mwaka 2009 wachimbaji walifukua sinagogi la karne ya kwanza. Anatajwa kwa mji wake, si kwa mume wala mtoto, jambo lisilo la kawaida kwa mwanamke wa enzi hiyo. Mtolee mfano bila woga.

Nina tahadhari moja, kwa sababu utasikia watu wakisema Wayahudi waliwadharau wanawake kama vitu na Yesu akaja kuwakomboa kutoka kwa Wayahudi. Usiseme hivyo. Wanawake hawa walikuwa Wayahudi, walikuwa na mali mkononi, na miaka mia moja hivi kabla yao malkia Salome Alexandra alitawala Uyahudi kuanzia mwaka 76 hadi 67 K.K. Yesu alikuwa Myahudi akiishi na Wayahudi. Ni kweli kwamba ushuhuda wa mwanamke haukupewa uzito: Flavius Josephus, mwanahistoria wa karne ya kwanza, anaandika kwamba usikubaliwe, na Luka 24:11 inakiri kwamba mitume wenyewe waliyaona maneno ya wanawake kama upuzi. Lakini dharau hiyo ilikuwa ya dunia nzima ya wakati huo. Celsus, mpagani wa karne ya pili, aliucheka ufufuko kwa sababu hiyo hiyo, kwamba aliyeuona ni mwanamke asiye na akili timamu. Injili zingeweza kuificha aibu hiyo. Zote nne zikamwacha Magdalena pale pale kaburini.

Sasa nikupe mipaka, ili usiende jumuiyani ukasema kuliko Maandiko. Haya yote hayamwingizi mwanamke katika orodha ya Kumi na Wawili. Hayamalizi pia mjadala wa upadre, ambao kwetu Wakatoliki una mafundisho yake, na madhehebu mengine yameamua tofauti. Hukuuliza hilo, na mtu akitaka kukuvuta huko mwambie hukuuliza. Ulichoomba ni kuongoza tafakari ya jumuiya, na kazi hiyo ni ya walei wote waliobatizwa, wake kwa waume. Mwaka 2021 Papa Fransisko alifungulia wanawake hata huduma rasmi za usomaji na utumishi wa altare.

Ufanyeje basi? Unaweza kusimama kikao kijacho na kuyasoma haya yote. Utashinda hoja, lakini mzee ataaibika mbele ya wajukuu zake, na mtu mzima akiaibishwa hadharani husikia aibu tu, hoja haimfikii. Unaweza kunyamaza, lakini binti yako anakutazama. Mimi ningeenda nyumbani kwa mzee siku ya kawaida, na Biblia, nikamwambia, “Baba, nimeleta swali la mjukuu wako,” nikamfungulia Luka 8 na Luka 24, nikamwacha asome mwenyewe. Wazee wengi wa imani hugeuzwa na Maandiko yenyewe, wakipewa nafasi ya kugeuka bila kutazamwa.

Akikataa, nenda kwa paroko au katekista uso kwa uso, umwombe semina ya jumuiya juu ya fungu hili. Mtu aliyesoma Kigiriki akakuonyesha lile neno kwa kidole kitabuni atafanya zaidi ya barua yangu. Na kama aya za “kunyamaza” na “kutumikia” zinatumiwa ndani ya nyumba yako, au ya mwenzako hapo jumuiyani, kufunika vipigo au kunyang’anywa mali, hilo halingoji semina. Tafuta mtu unayemwamini ana kwa ana, na dawati la jinsia katika kituo cha polisi.

Kwa leo jioni, mketishe binti yako, mpe Biblia, aanze Yohana 20 aya ya 11. Usimweleze kitu. Mwache afike mwenyewe aya ya 16, mahali ambapo Bwana anasema neno moja tu, jina la Maria, naye anageuka na kumwita “Mwalimu”. Kisha mwulize: anayemwita mtu mwalimu wake, yeye ni nani? Niandikie atakavyojibu.